Nyota Mpya na Kikapu cha Umm Zurayq

Wahban alikuwa akipiga kasia kuvuka mto Nile kutoka Giza kwenda Fustat, na kwa kuwa mpiga kasia hana mkono wa kuzibia masikio, aliyasikia yote.

"Mwaka huu dunia imeharibika," alisema Mufarrij, mfanyabiashara wa vitambaa, barua zimemjaa kifuani. "Huko Khurasan wafalme wanapigana. Kwa Wafaranji, ng'ambo ya bahari, watu wanakufa njaa. Na sasa nyota mpya kusini, inang'aa hadi usiku unaona kivuli chako! Falme zitaanguka, mama."

Ajuza aliyekaa mbele yake, Umm Zurayq, alikumbatia kikapu chake. "Imekuja kwa ajili ya mlenda."

"Mlenda?"

"Khalifa kapiga marufuku watu kula mlenda. Mbingu zimewasha taa zimtazame vizuri."

Wahban alikohoa, akatazama maji.

"Usinichekeshe," alisema Mufarrij. "Nyota nzima ije kwa sababu ya chungu chako? Makubwa yana wenyewe, mama."

"Hao wafalme wa Khurasan wamekunyima nini, mwanangu? Wangu mimi kanifuata hadi jikoni."

Mashua ikagusa gati. Wakaguzi wawili wa soko walisimama pale, wakifunua vikapu vya abiria.

"Hebu nishikie, baba, nishuke," alisema Umm Zurayq, akampakatisha kikapu, akawapita wakaguzi mikono mitupu huku akiwaulizia hali za mama zao.

Mufarrij aliinua kitambaa, akaona majani mabichi ya mlenda. Kwa mara ya kwanza tangu Giza, hakuwa na habari ya nchi yoyote.