Mkeka wa Bi. Hindu: Maisha ya Elisha Gona Nzai, 1959–1989

Kabla ya kutaja alikozaliwa, familia inataka jambo moja lisikike mbele ya kaburi hili. Ijumaa, tarehe 22 Juni 1984, Elisha Gona Nzai aliondolewa wodini kwa tuhuma ya kumwandalia mgonjwa mauti. Hakuulizwa neno. Mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa hai na mwenye akili timamu, naye hakuulizwa. Hospitali hiyo hatuitaji. Inajijua, na tumearifiwa kwamba imeagiza shada la maua.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Aprili 1959 karibu na Kaloleni, mtoto wa tatu wa Mzee Nzai Lewa na Mama Hannah. Alisoma shule ya misheni hapo hapo Kaloleni kuanzia 1966, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976, kisha akawa mhudumu wa wodi kwa miaka minne. Huko ndiko alikoona wagonjwa wakipona ugonjwa na kurudi nyumbani bila kuweza kufunga kifungo cha shati.

Septemba 1981 aliingia chuo jijini Nairobi kusomea tiba kwa njia ya kazi, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wa mwili kwa kumpa kitu cha kutenda. Wanafunzi walijifunza kusuka, kufuma, kufinyanga na useremala, kisha wakarudia yote kwa mkono wasiouzoea. Gona alikuwa na mikono myepesi. Alimpelekea mwalimu wake, Bwana Kamande, kikapu kisicho na dosari.

"Kizuri," mwalimu akasema. "Sasa niambie kila kidole kimefanya nini."

Gona akavitazama vidole vyake.

"Basi fumua, uanze tena."

Alipokuja likizo na kikapu hicho kikiwa nusu, baba yake mdogo, Kalama, alikigeuzageuza. "Kwa hiyo Serikali imekulisha mwaka mzima ujue kusuka? Shangazi zako walijua kabla ya kuota meno."

"Shangazi hawakuulizwa kila kidole kinafanya nini, baba."

"Hawakuwa na haja. Walikuwa na mikeka."

Watu walicheka, lakini wapo walioamini kwamba amefukuzwa chuo na kikapu ni cha kuzuga wazazi.

Mwaka 1984 alitumwa Pwani kwa mafunzo ya vitendo. Katika wodi ya wanawake alikabidhiwa Bi. Hindu binti Fumo wa Takaungu, aliyepooza mkono wa kulia. Gona alimwamkia, akamuuliza alizoea kazi gani. "Kusuka," akajibiwa. Gona akamletea miyaa ya sokoni, yale majani makavu ya kusukia, isiyotiwa rangi.

"Nyeupe?" Bi. Hindu akauliza.

"Ndiyo, bibi. Makosa yataonekana upesi."

"Makosa yangu nayajua, mjukuu wangu. Lete."

Alianza kwa kushikilia ukili, ule ukanda wa kuungia mkeka, kwa goti. Mwezi haujaisha, kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinabana mwaa vyenyewe. Gona hakujua kwamba katika nyumba ya kina Bi. Hindu mkeka mweupe ulisukwa kwa ajili ya maiti tu. Bi. Hindu alijua, asiseme. Kwa nini hakusema, kila mtu ana dhana yake. Marehemu aliamini kwamba aliogopa kunyang'anywa kazi.

Ijumaa ile, baada ya sala, mwanawe Mahdi aliingia na kuukuta ukili umekunjwa mapajani mwa mama yake.

"Wewe kijana, nani amekwambia mama yetu anakufa?"

"Hakuna, bwana. Mkono wake unapona."

"Unapona, nanyi mnamsukisha mkeka wake wa kaburini?"

"Mahdi," Bi. Hindu akasema, "niondolee kelele. Nimalize mkono huu, kisha mgombane."

Maneno hayo yalisikiwa na wodi nzima ila na waliokuwa na mamlaka. Gona alitolewa nje, Bi. Hindu akapelekwa nyumbani jioni hiyo hiyo, na kazi za mikono zikapigwa marufuku katika wodi zote. Agosti, Bi. Hindu alifariki. Waliomkatiza matibabu walisema mkeka umetimia. Gona alikwenda Takaungu kutoa mkono wa pole. Binti wa Bi. Hindu, Jaha, alimpokea mlangoni kwa upole: "Ahsante, kaka, umefika. Lakini rudi. Wanaume hawajatulia." Kwetu alisema hivi: "Kosa langu ni kutouliza rangi. La kumtakia mauti si langu."

Alihitimu Machi 1985, miezi sita baada ya wenzake. Aliajiriwa na hospitali ile ile, lakini akawekwa ghalani kuchonga mikongojo, mbali na wagonjwa. Kila mwaka aliomba marufuku iondolewe. Kila mwaka aliambiwa jambo linatazamwa. Nani alikuwa akilitazama, hakuambiwa. Jumamosi alikwenda Dabaso na Malindi kuwatibu watu barazani mwao, kwa kofia, nyavu na vikapu.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na Kabibi Dzombo. Mama mkwe alikuwa ameuliza mara tatu, "Kazi yake hasa ni ipi?" na mara tatu hakuridhika. Ndoa ilikuwa ya furaha.

Novemba 1988 alishikwa na maradhi ya figo. Kitandani alitaka kuiona kila chupa na kuelezwa kila sindano. Wauguzi walimwona msumbufu. Sisi hatukumwona hivyo. Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Machi 1989, saa nne asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake.

Ameacha wazazi wake, mjane Kabibi, watoto wawili, Nzai na Hannah, na ndugu watano. Mungu amstareheshe katika pumziko lisilo na tuhuma.

Jumatatu, tarehe 6 Machi 1989, kabla ya maziko haya, hospitali iliruhusu tena kazi za mikono katika wodi zote. Sababu haikutolewa.