Shangazi Anastaafu, Karanga Abaki na Nani?

Nawaomba radhi wasomaji wa jarida letu kwa ukimya wa miezi mingi. Ukurasa huu nilipewa mimi niuandike, na kila nilipoanza kumwelezea mwenzangu anayestaafu, kalamu ilinigomea.

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Shangazi, kama tunavyomwita sote, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Aliingia katika shule yetu ya mbwa kufagia vibanda na kuosha bakuli. Mwalimu wa watoto wa mbwa alipougua, Shangazi aliombwa alishike darasa kwa wiki moja tu. Wiki hiyo ndiyo inayokwisha sasa.

Kwake, amri hutolewa mara moja, kwa sauti ya chini, kisha mtu husubiri. Kusubiri ndiko kulikowashinda wenye mbwa. Fundi mmoja wa majokofu alimpigia mbwa wake kelele uwanja mzima: "Kaa! Kaa! Nimesema kaa! We, si nasema nawe?"

"Baba," Shangazi alimwambia, "anangoja umalize kuhutubia ndipo aketi."

Watu wakacheka, fundi akanyamaza, mbwa akaketi.

Mimi hufundisha mbwa wakubwa katika chumba kinachotazamana na chake. Wanafunzi wake ndio wanaopanda darasa kuja kwangu, na kila mfanyakazi anajua kwamba mlango wangu ukifunguliwa tu, hukimbilia kwake. Niliwahi kujaza vipande vya maini makavu katika mifuko yangu yote. Walifuata suruali, hawakunifuata mimi.

"Usikunje uso, kaka," Shangazi aliniambia. "Wewe wanakuheshimu."

Heshima! Yeye alipendwa.

Kisha kuna Karanga, mbwa wa mfano, ambaye huwaonyesha wageni namna ya kuketi, kulala na kuitika. Yeye ni mali ya shule. Shangazi alimfundisha, lakini anayemlisha, kumwogesha na kumpeleka kwa daktari tangu alipoletwa ni mimi. Niliposikia kwamba Shangazi anaondoka, niliiomba kamati Karanga apewe mimi. Nilitarajia upinzani, nami nilikwenda kikaoni na hoja zangu zimepangwa vizuri.

Mwenyekiti alimuuliza Shangazi anasemaje. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Mwachieni kaka yangu. Mimi nina wajukuu. Yeye akirudi nyumbani ana nani?"

Nilikunja karatasi ya hoja zangu. Hata hapo alikuwa amenishinda, tena kwa kunipa nilichokitaka. Karanga alikuwa chini ya kiti cha Shangazi, kidevu kimelala juu ya kiatu cha Shangazi. Mwenyekiti akasema shauri limekwisha: mbwa ni wangu, na nikitaka kumpa mtu, nimpe nimtakaye.

Shangazi, shule inakushukuru. Mbwa wengi wa mji huu husimama ukingoni mwa barabara kabla ya kuvuka kwa sababu uliwafundisha, na wenye mbwa hao wamejifunza kusema kwa upole hata majumbani mwao. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha na asubuhi za kimya, kama kweli unazitaka.

Kuhusu Karanga, sijaamua. Nikishaamua, nitakuandikia wewe kwanza. Kamati itasoma humu jaridani.