Mama Nipo Aaga Chumba cha Kukaushia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya udobi ya hospitali yetu, Mama Nipo anavua aproni yake kwa mara ya mwisho. Aliingia akiwa msichana mwembamba wa kukunja mashuka. Anatoka akiwa msimamizi na bibi wa wajukuu wanne, na wembamba ulikwenda wapi tumwachie mwenyewe aeleze.

Jina lake la utani limetoka kazini. Chumba cha kukaushia na chumba cha boila vinatenganishwa na ukuta mmoja, na mvuke haufunguliwi mpaka mtu wa upande mmoja aite "Upo?" na wa upande wa pili aitike "Nipo!" Neno hilo lilimganda mdomoni. Aliitika hivyo kwenye simu na kwenye foleni ya benki. Kwenye harusi ya binti yake, mchungaji alipouliza kama yupo mwenye pingamizi, mama mtu, aliyekuwa anasinzia kwa uchovu wa maandalizi, aliruka: "Nipo!" Bwana harusi hadi leo anamwangalia mkwewe kwa tahadhari.

Ndiye aliyebuni kushona uzi wa njano kwenye pembe za mashuka ya watoto ili yasichanganyike na mengine. Ndiye pia, tusimfichie, aliyefua koti jeupe la daktari wa upasuaji pamoja na nguo za kijani. Daktari alisamehe, ila koti lilibaki kijani mpaka lilipochakaa.

Lakini hatuwezi kumuaga bila kutaja mwaka aliofiwa na mumewe. Mzee aliugua muda mrefu katika wodi ya wanaume, ghorofa ya juu, na mashuka yake alikuwa anayafua mkewe. Alipofariki, Mama Nipo alirudi kazini na kuendelea kufua mashuka ya wodi ileile. Sala yetu ya asubuhi, ambayo alikuwa anaiongoza yeye, aliikabidhi kwa wengine. Alituambia waziwazi kwamba kila akiomba anajiona kama anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Tulimpa pole.

Asubuhi moja, akiwa peke yake katikati ya mashuka, aliegemea ukuta akalia. Kisha akauliza kwa sauti: "Bwana, upo?"

Nyuma ya ukuta fundi wa boila akaitika: "Nipo!"

Alikaa chini kwenye kapu la nguo, akacheka huku machozi yakimtoka. Wiki iliyofuata aliongoza sala tena, akatusimulia. Sauti ilikuwa ya fundi, alisema, anaijua hata kwa kikohozi chake. Ila swali hakumwuliza fundi. Mumewe hakurudi na upweke haukuisha, lakini tangu siku hiyo aliacha kuomba kama mtu asiyesikilizwa. Akipeleka mashuka wodini alikuwa anakaa kidogo na ndugu wa wagonjwa. Hakuwaeleza kwa nini maradhi huja. Alikaa nao tu, na wengi walishukuru.

Sisi tulimtania fundi miaka yote kwa kuitikia sala isiyomhusu. Huyu ni mtu ambaye kanisani humwoni ila kwenye harusi na mazishi. Juzi, tulipomwomba neno la kumuaga Mama Nipo, alikiri kwamba siku ile boila ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Alijua wazi kwamba haitwi yeye. Alimsikia mama wa watu analia, akashindwa kunyamaza.

Tulimfikishia Mama Nipo habari hiyo kwa woga, tusije tukamharibia ushuhuda. Akacheka. Alikuwa anajua tangu siku ileile, kwa sababu ukuta alioegemea ulikuwa wa baridi. Alisema kama fundi angeitika kwa mazoea tu, labda asingefarijika. Alifarijika kwa sababu kuna aliyetumwa kumsikia.

Sasa anakwenda kwenye nyumba ya vyumba vitatu na mtu mmoja, na ametuambia kwamba hilo linamtia hofu kidogo. Mama Nipo, asante kwa kila shuka safi na kwa kila sala. Tunakutakia afya, usingizi mtamu na wajukuu wasiokupa nafasi ya kupumzika. Na siku nyumba ikiwa kimya mno, usione aibu, uliza kama ulivyouliza siku ile. Yupo, nasi tupo, na fundi ametuomba tuandike kwamba namba yake ya simu haijabadilika.