Nilipoahidi Maji Vijiji Viwili Asubuhi Moja

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mwenyekiti amesema nisimame, lakini mtaniruhusu niseme nikiwa nimekaa, maana goti hili halipendi kusimama. Wanaonijua wanajua sababu. Wageni mtaijua sasa hivi.

Mimi ni dereva wa lori la maji. Wakati wa ule ukame mbaya nilikuwa napeleka maji vijijini, ndani huko kupita Bura. Visima vya karibu vimekauka, ng'ombe wakilala hawainuki tena. Simu yangu haikunyamaza. "Adeer, ami yangu, unakuja lini?" "Walaal, ndugu yangu, watoto wanakunywa tope!" Na mimi kila aliyepiga nilimjibu, "Nakuja asubuhi." Wote hao! Nilidhani ndiyo huruma. Sikuwa na mpango wa siku. Aliyelia zaidi ndiye niliyemwendea, na mwingine akipiga nikiwa njiani, nageuza lori. Jioni mafuta yamekwisha, na watu wengi hawajaona tone.

Basi siku moja nikaahidi vijiji viwili asubuhi moja. Asubuhi yenyewe nikaanza na tairi ambalo nilipaswa kuliziba jana yake. Nilipofika kijiji cha kwanza, jua limeshawaka. Nikakuta watu wa kijiji cha pili wamekuja kunisubiri hapo hapo, na punda wao na mitungi yao. Walichoka kungoja kwao.

"Maji haya ni yetu," mmoja wao akasema. "Alituambia asubuhi."

"Na sisi alituambia asubuhi!" wenyeji wakajibu.

Wote wakanigeukia. Wote walikuwa na haki.

Mwanamke akaweka mtungi wake chini ya mpira wa maji. Mwanamume wa upande wa pili akaupiga teke. Mume wa yule mwanamke akamshushia fimbo ya kichwa, nikasikia mlio kama ukuni mkavu unavunjwa. Basi tena. Fimbo zikapanda na kushuka, mawe yakaruka. Panga likatoka. Nikaona mkono wa mtu umefunguka mpaka mfupa, naye anauangalia kama si wake. Punda wakapagawa, wakakanyaga waliolala chini. Mtu akaukata mpira, maji yakamwagika mchangani, na wao wanapigana juu yake, tope likawa jekundu. Wallahi, walipigania maji mpaka yakaishia chini ya miguu yao. Hakuna aliyekunywa.

Kisha sauti ikasema, "Mwongo ni yule dereva!" Nikavutwa nje ya lori kwa ukosi wa shati. Rungu la kwanza lilivunja goti. La pili liliondoa meno haya. Nikajikunja chini, mateke yanatoka kila upande, nikaanza kutamka shahada. Ndipo mama mmoja akajitupa juu yangu, akanifunika kwa mwili wake. "Nipigeni mimi kwanza!" Na walimpiga, ndugu zangu. Walimpiga mgongoni kabla ya kuona aibu na kuacha. Sikuwa jamaa yake. Hata jina langu hakulijua.

Hospitalini Garissa, yule aliyekatwa mkono alilazwa kitanda cha mkabala na changu. Siku moja alinigeukia, akasema hivi tu: "Ungeniambia huji, ningepeleka punda kisima cha mbali tangu alfajiri. Hiyo 'ndiyo' yako ndiyo iliyonikata."

Nililia mbele ya wauguzi.

Dada yangu mkubwa alipokuja na uji nikamweleza. Hakunibembeleza. Akauliza, "Ukisema ukweli, lori linaweza safari ngapi kwa siku?"

"Mbili."

"Sasa hizo nyingine ulizoahidi, ungezipeleka kwa mgongo?"

Tukaanza hapo. Walio mbali zaidi na kisima chenye maji wakawekwa mwanzo wa wiki. Kila kijiji kikapata siku yake, ikitangazwa msikitini Ijumaa ili kila mtu aisikie. Siku moja ya wiki nikaiacha kwa matengenezo ya lori. Nikiendesha, simu nimezima. Na ombi lisilowezekana nikajifunza kulikataa mapema, wakati mtu bado ana nafasi ya kutafuta njia nyingine.

Niliporudi barabarani, mtu alinizuia njiani na rungu mkononi. "Mwaga maji hapa!"

Nikamwambia, "Leo si zamu yenu. Yenu ni Jumatano."

Akainua rungu. Nikafumba macho. Nyuma yake nikasikia wanawake wa kijijini kwake wanapiga kelele: "Warya, wewe! Mwache apite! Jumatano iliyopita si alikuja?"

Rungu likashuka taratibu. Nikapita.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mama, ambaye mpaka leo akiinama mgongo humuuma. Namshukuru dada yangu, na yule ndugu aliyenipa ukweli kitandani. Nawaambia ninyi wenye maduka, mifugo na ofisi: saa unayomwahidi mtu ni mali yake, na ukiwagawia wawili saa ile ile, umewapa ugomvi.

Kwa chai mtanisamehe, sitabaki. Kuna watu nimewaambia adhuhuri.