Bwana Famau na Mbwa Asiyependa Hodi

Mimi Amini, tarishi wa Forodha ya Amu, ndiye mwandishi mkubwa kuliko wote waliopata kushika kalamu kutoka Shela hadi Kizingitini, na anayebisha na aje na kalamu yake. Chuoni sikumaliza. Aliyemaliza ni mwalimu wangu, alimaliza subira. Herufi za Kizungu nimejifunza kwa kusoma masanduku yanayoshushwa pwani, na ndiyo maana wasifu huu nimepewa mimi, si karani wetu Bwana Kamaludin. Yeye alikwisha andika mistari mitatu, yote ikianza na "Kwa kuwa". Wazee wakasema, mpeni Amini, huyo ataandika hata asilolijua.

Haya basi. Leo, tarehe thelathini na moja Machi 1913, Bwana Famau Athman wa Mkomani anastaafu baada ya kuitumikia forodha hii miaka ishirini na mitatu. Alianza kwa kubeba magunia, akapandishwa kuwa mlinzi wa mlango wa ghala, na hapo mlangoni amekaa mpaka kizingiti kimechukua umbo lake. Mabwana wakubwa wamekuja na kuhamishwa, makarani wamekuja na kunenepa, yeye yuko pale pale na kofia yake ya vito na bakora yake asiyompiga nayo mtu.

Wageni mliohudhuria mtataka kujua ni mtu gani. Nitawapa kisa kimoja tu, kwani nikitoa vyote pilau itapoa. Mwaka mmoja walishushwa mbuzi kutoka Barawa, wakalazwa ghalani wangoje kulipiwa ushuru. Kulipokucha, mmoja amezaa. Karani wa wakati ule akataka mtoto naye atozwe, kwa kuwa ametoka nje ya nti. Mwenye mbuzi akapiga makelele. Bwana Famau, ambaye hakuulizwa, akamwinua yule mtoto, akamtazama mato, akasema, "Huyu amezawa hapa ndani. Huyu ni Mwamu." Watu wakacheka hata karani akaona haya, na yule mbuzi mdogo akatoka forodhani kama mwenyeji mwingine yeyote.

Lakini kazi iliyompa jina ni ile ambayo hakuna aliyeitaka. Nyuma ya ghala kuna kibanda cha mbwa. Mzungu akihamishwa huacha mbwa, chombo cha kigeni kikitweka huacha mbwa, na amri ilikuwa mbwa asiye na mwenyewe akae pale mwezi mmoja. Asipopata mtu, risasi. Sisi ni watu wa udhu, na mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kila aliyeambiwa ashike kazi ile aliumwa na mgongo siku hiyo hiyo. Bwana Famau akasema, "Kiumbe hakuomba kuumbwa mbwa," akaweka mtungi wa maji na kifuu cha udongo safi kando ya kibanda, akaanza.

Alikuwa akiwagusa kwa mkono mkavu, maana kikavu kwa kikavu hakina neno. Msimu wa mvua, kila kitu kikiwa kimelowa, aliwakuna shingoni kwa kijiti. Nami nilimcheka sana kwa kile kijiti. Nikimwita Bwana Daktari wa Mbwa, naye akinijibu, "Ndoo hapa nawe nikukune, huenda ukatulia." Wote aliwapatia makao: wengine kwa wawindaji wa bara, wengine kwa wenye ng'ombe, wengine kwa wakulima, yaani mahali ambapo hata sharia inamruhusu mtu kufuga mbwa. Hata mmoja hakupigwa risasi. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo iliyotaka kuharibika mwaka huu wa mwisho.

Aliletwa mbwa wa rangi ya tende, sikio moja limevunjika. Bwana wake, Mzungu aliyechoka na shamba lake la pamba huko bara, alitaka kumpakia melini, mbwa akamng'ata baharia, nahodha akamkataa, Mzungu akaondoka bila kugeuka nyuma. Jina la mbwa hakuna aliyelijua. Nikampa mimi. Nilifikiri mbwa mkali anahitaji jina laini, nikamwita Karibu.

Msicheke bado. Bwana Famau kila asubuhi alisimama nyuma ya ua na sahani ya vichwa vya samaki akaita, "Karibu! Karibu!" Mpita ndia akisikia hivyo hudhani anaitwa yeye. Sisi hatukufundishwa kumkataa mtu anayetukaribisha. Basi husimama, hupiga hodi kama mtu mwenye adabu, huingia, na mbwa humrukia. Mpaka juma la tatu mji mzima ukawa unasema forodha inawaita watu ndani ili iwaumize. Na ajabu ni kwamba baina ya hapo mbwa alikuwa mpole kama mto wa pamba. Bwana Kamaludin akasema anachukia kanzu. Mpima mizani akasema anachukia harufu ya tumbaku. Mimi nikasema anamchukia Bwana Kamaludin, na kwa hilo hatumlaumu.

Aliyegundua ukweli ni mimi, kwa makalio yangu. Siku moja nilinyemelea kibandani kumtania Bwana Famau, nikaigiza sauti ya karani: "Hodi!" Mbwa akaniuma. Kwa kustaajabu nikasema tena, "Hodi?" Akaniuma tena. Bwana Famau badala ya kunihurumia akaketi chini kwa kicheko, akasema, "Sema mara ya tatu, Amini, tupate hakika." Baadaye mpishi wa yule Mzungu alipita akatueleza. Bwana wake alikuwa hataki kuamshwa adhuhuri, akamfundisha mbwa kwamba neno hodi ni neno la adui.

Tulijaribu kumtoa fundisho lile. Bwana Famau alikuwa akisema hodi polepole, kwa sauti ya kubembeleza mtoto, huku akimpa kipande cha papa mkavu. Mbwa akajifunza kula papa kwanza, ndipo aume. Basi tukaona ni rahisi kujifundisha sisi. Forodha nzima ikaacha kupiga hodi, ikawa ni kukohoa mlangoni. Mfanyabiashara mmoja kutoka Mombasa aliposikia vile vikohozi, kila mlango na chake, alirudi chomboni akasema Amu kuna ugonjwa wa kifua.

Mwezi aliopewa Karibu ukaisha Februari, na Bwana Mkubwa wa forodha akamwongezea siku kwa amri: Bwana Famau akistaafu, kibanda kitavunjwa, na mbwa atakayekutwa ndani siku hiyo atapigwa risasi. Nilimpelekea habari mimi, kwa kuwa habari ni kazi yangu. Alikwenda akamkuna Karibu kwa mkono, jua lilikuwa kali na vumbi kavu, akakaa naye mpaka alasiri ikaadhiniwa.

Toka hapo kila siku baada ya kazi alitoka kutafuta nyumba. Namna yake ilikuwa ya peke yake. Hakuuliza mtu, "Wataka mbwa?" Aliketi barazani nje ya nyumba, akaamkiana na wapitao, akasikiliza hodi. Kila mlango ulikuwa na mpiga hodi wake: nyumba moja jirani mkopa chumvi, nyingine mchuuza maziwa, nyingine fundi, nyingine shangazi. Kwa fundi Wazir wa milango alidhani patafaa kwa kelele za patasi, lakini mteja wa milango, kwa sababu nisizozijua, hupiga hodi kwa nguvu kuliko watu wote. Karibu alimpandisha mteja juu ya rundo la mbao za msaji, na fundi akasema kwa upole, "Bwana Famau, nakuheshimu. Mtwae."

Akafikiri habari za baharini, maana chomboni hakuna mlango. Nahodha Mohdhar wa Kizingitini akakubali kumchukua, akamsifu kwa siku mbili. Siku ya tatu chombo kingine kikaja ubavuni na mtu akaita, "Hodi chomboni!" Mbwa hakumfikia yule, akashika kikoi cha nahodha mwenyewe. Nahodha akaenda majini, kikoi kikabaki na mbwa. Karibu akarudishwa kwetu na salamu ambazo siwezi kuziandika mbele ya wazee.

Zilipobaki siku chache, Bwana Famau alikuwa amekonda. Bwana Kamaludin akamwambia, "Bwana, umeokoa wengi. Mmoja si dhambi." Bwana Famau akamjibu, "Hao wengi hawanijui tena. Huyu ananijua."

Ndipo akaja Bi Mwanamkisi wa Chundwa. Mjane huyu hulima mtama bara, ng'ambo ya kisiwa chake, na alikuja kutoa mzigo wake, akasikia habari za mbwa. Alifika mlango wa ua wa mbwa akaingia moja kwa moja, bila kukohoa, bila hodi, akasimama mbele ya Karibu mikono kiunoni.

"Mbwa huyu ana ila gani?" akauliza.

"Hana ila, Bi. Hapendi hodi tu," akasema Bwana Famau.

"Hata mimi siipendi. Mkwe wangu huja na hodi, huondoka na kuku."

Bwana Famau akasahau kama ana kazi. Akamuuliza shambani kuna nyumba? Hakuna, kuna dungu tu, la kukalia na kufukuza ndege. Lina mlango? "Dungu lina mlango, Bwana Famau? Lina ngazi." Na mtu akija huitaje? "Hupiga ukelele toka mbali, hoooo, nami nikampigia hoooo. Asipopiga ni nguruwe. Nguruwe wanimaliza, ndilo lililonileta huku nyuma." Akamtazama mbwa, mbwa akamtazama. "Wamwitaje?"

"Karibu."

"Jina gani hilo! Nani mpumbavu aliyempa?"

Wote wakaninyooshea kidole.

Walipoondoka kulikuwa na manyunyu. Bwana Famau alimshusha mbwa pwani mwenyewe, akamtia chomboni, kijiti chake amekisahau kibandani. Mkono umelowa, manyoya ya mbwa yamelowa. Nikadhani atamuaga kwa maneno tu. Akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, hivyo hivyo, akamkuna lile sikio lililovunjika mpaka Bi Mwanamkisi aliposema, "Basi, Bwana, maji yakupwa." Chombo kilipotoka alichutama ufukweni akaosha mikono yake kama inavyotakiwa, mara saba, na udongo, taratibu, bila haraka yoyote. Akaosha na uso. Uso mbwa hakuugusa.

Salamu zimetufika juzi. Karibu analala chini ya dungu. Nguruwe wamehamia kwa jirani. Mkwe alimfuata Bi Mwanamkisi shambani na hodi yake, safari hii akaondoka bila kuku na bila kiatu kimoja.

Kwa niaba ya wote, kuanzia Bwana Mkubwa hadi paka wa ghala, twamshukuru Bwana Famau Athman. Twamshukuru kwa milango aliyoifunga vizuri na kwa watu aliowafungulia. Twamshukuru kwa bakora isiyopiga. Mola ampe afya, riziki ya halali na usingizi wa adhuhuri asioamshwa na mtu. Nenda ukapumzike, mzee wetu, na siku zako ziwe nyepesi.

Hapo ndipo nilipoambiwa nitie nukta. Lakini kuna neno moja sikumwambia mtu, na wasifu usio nalo utakuwa uongo wa mwandiko mzuri.

Jana nilibeba sanduku lake kulipeleka nyumbani Mkomani. Yeye alikuwa bado akikabidhi funguo. Nikafika kwenye mlango wake, nikapiga hodi, kimya. Nikapiga tena kwa nguvu. Jirani yake, Bi Saadiya, akatoa kichwa dirishani, akanitazama kama mtu aliyeona mwezi mchana.

"Mwanangu, umepotea ndia?"

"Sikupotea, Bi. Si kwa Bwana Famau hapa?"

"Ndipo. Lakini mlango huo haupigwi hodi. Tangu Bi Hadia afe na wanawe wahamie Unguja, sijasikia mtu hapo. Nilikushangaa tu."

Bi Hadia, mkewe, amekufa miaka sita sasa. Mazishi tulikwenda, forodha nzima. Baada ya hapo tulimwona kila siku kazini, tukacheka naye, tukala halua yake ya Idi pale pale mlangoni, tukadhani tumemaliza. Mwezi mzima huu tumezunguka mji tukitafuta nyumba isiyopigwa hodi. Bwana Kamaludin, mpima mizani na mimi mwandishi mkubwa, kila mmoja alitaja nyumba anazozijua. Yake hakuitaja hata mmoja wetu, kwa kuwa tangu mazishi hakuna aliyepata kufika.