Kupanda na Kushuka

Mbele yangu kwenye basi walikaa watu wasiojuana: mwashi aliyepakata kiroba cha matofali, na mama mshonaji kutoka nchi jirani, tambarare kama yetu, iliyolingana na bahari.

"Sisi tumepanda mikoko pwani nzima," mama alijigamba. "Maji yakija, yanakwama. Nyinyi je?"

"Na sisi tumepanda, dada. Mama yangu amepanda juu ya meza."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mikoko yetu ilikatwa ili mkubwa mmoja aione bahari vizuri. Sasa bahari inatuona sisi.

"Na hayo matofali?"

"Naenda kumpandishia kitanda. Mwaka jana niliweka safu mbili, leo naongeza ya tatu."

"Ya nne utampandisha darini? Mhamishe, kaka! Mwanaume mzima, unamjengea mama yako ngazi ya kuzamia!"

"Hataki. Anasema bahari ndiyo iliyohamia kwake, basi ihame yenyewe."

"Na wewe unamsikiliza?"

"Wewe mamako humsikilizi?"

Basi lilisimama kabla ya kituo. Barabara haikuonekana.

"Mwisho hapa, shukeni!" utingo alipaza sauti.

Tukashuka. Maji yakapanda mpaka magotini.