Mama Mwavita Kalonda, Mlinzi wa Vioo na Macho Yetu

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, Mama Mwavita Kalonda atashuka kwenye trekta la Shamba la Mbegu Tujikaze, hapa mtaani Mikelenge, Kindu, na hatalipanda tena kwa kazi. Anastaafu baada ya kututumikia kwa miaka karibu thelathini na mitano. Alikuja Septemba 1989 kutoka Kibombo, na sanduku moja, akapewa kutunza depo ya vipuri. Wengi wetu tumemkuta akiwa dereva. Wachache wanajua alivyofika kwenye usukani, maana yeye hapendi kuisimulia habari hiyo. Nimemwomba ruhusa mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Andika basi, lakini usitie chumvi." Sikutia.

Mwaka 2000, wakati wa vita, Kindu ilikuwa imefungika. Treni haikuja, barabara ya Kibombo haikupitika, na watu waliogopa kwenda mashamba ya mbali. Mpunga wa kulisha mtaa ulibidi upandwe karibu na nyumba, na trekta zima lililobaki lilikuwa moja. Kioo chake cha nyuma kilikuwa kimevunjika, na kingine hakikupatikana popote. Mama Mwavita akapekua depo, akapata kioo cha dirisha la nyumba, akakitoa. Dereva wetu wa wakati ule, Papa Jacques, akakipima, akakikata, akakifunga.

Asubuhi moja ya Agosti Papa Jacques alikuwa anafyeka majani kwa mashine inayofungwa nyuma ya trekta. Akageuka kuangalia kazi yake. Mashine ikarusha jiwe. Kioo halisi cha trekta kikivunjika humwagika chembechembe. Kile cha dirisha kilipasuka vipande virefu kama visu. Papa Jacques alipoteza jicho la kushoto.

Siku ya nne Mama Mwavita akapata nguvu ya kwenda hospitali.

"Papa Jacques," alisema, "kile kioo njo mimi nilikitoa."

Papa Jacques alimgeukia. "Na mimi njo nilikifunga. Tuache ile, mama. Mvua iko karibu. Mupunga nani atapanda?"

"Watu wanaogopa ile trekta."

"Na wewe?"

Mama Mwavita aliinuka, akaaga. Alirudi shambani, akabandua wavu wa chuma kwenye meza za kuanikia kahawa, kahawa ambayo hakuna aliyekuja kuinunua tangu vita vianze. Umeme wa kuchomelea haukuwepo, kwa hiyo alitoboa fremu kwa mkono, tundu baada ya tundu, akafunga wavu mara mbili kwa boliti nyuma ya kabini na ubavuni. Kisha akawakusanya akina mama wa shamba, wakalipita eneo lote kwa miguu kabla ya trekta kuingia. Waliokota mawe, wakafunga kitambaa chekundu kwenye kila kisiki. Ndipo aliporudi hospitali.

"Nifundishe," alimwambia Papa Jacques. "Mimi niko na macho mawili, wewe moja. Matatu yatatosha."

Papa Jacques anasema hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu aumie. Alimfundisha huku bendeji ikiwa bado usoni. Siku ya kwanza wanaume kadhaa walikuja kusimama kando ya shamba, na injini ilimzimikia mara saba mbele yao. Siku ya kumi walikuwa wameacha kuja, hapakuwa tena na cha kucheka. Mvua ilipokamata, mbegu zilikuwa ardhini. Zipo familia mtaani kwetu ambazo msimu ule zilikula kwa sababu hiyo.

Tangu hapo masharti yake tunayajua kama majina ya watoto wetu. Eneo lipitiwe kwa miguu kwanza. Matawi ya njiani yakatwe. Kioo kioshwe kwa maji, kisisuguliwe kwa kitambaa kikavu, maana vumbi hukwaruza, na dereva asiyeona vizuri hugonga kisiki. Trekta lisiegeshwe chini ya mchikichi. Jembe lisiingie kabini! Hili la mwisho alilivunja mwenyewe mwaka 2012: alifunga mlango, mpini ukasukuma kioo, kikaisha. Mimi ninayetunza mafaili ofisini nimeikuta barua ya onyo ndani ya faili lake, kwa mwandiko wake: "Mwavita, ulifunga mulango na jembe iko ndani. Usirudie." Aliisaini mara mbili, kama mtoa onyo na kama mpokeaji.

Mwaka 2019 lilifika trekta jipya, lenye vioo vipana kama vya duka. Fundi aliyelileta alisema vioo hivyo ni vigumu, havihitaji wavu. Mama Mwavita akamjibu, "Kioo ni ngumu, sawa. Na jiwe haiko laini." Akakataa kuliwasha. Mkurugenzi wetu, Papa Didier, alikasirika kwa sababu msimu ulikuwa unakimbia, na nusura ampe kazi hiyo mtu mwingine. Mama Mwavita hakubishana. Alimwomba tu watembee pamoja kwenye eneo la kufyekwa. Walirudi na karai limejaa mawe, na juu yake kipande cha chuma cha reli. Papa Didier alikuwa amelibeba mwenyewe. Wavu ulifungwa wiki ileile.

Mwezi wa pili baada ya hapo, Francine, mwanafunzi wa kwanza wa Mama Mwavita, alikuwa kwenye usukani jiwe liliporuka likapiga wavu nyuma ya kichwa chake. Alizima injini, akashuka, akakaa kwenye majani, akalia. Wavu ulikuwa umebonyea kama sahani. Kioo kilikuwa kizima. Mama Mwavita alikaa naye pale mpaka alipotulia, kisha akamwambia, "Panda tena, mutoto wangu, leo leo." Francine alipanda. Ndiye anayeshika usukani kuanzia Jumatatu.

Papa Jacques, ambaye sasa ana wajukuu tisa, atakuwepo kwenye sherehe. Ameomba asipewe nafasi ya kuhutubia, kwa kuwa anajijua atalia.

Mama Mwavita anarudi Kibombo, kwenye mpunga wa dada yake. Nilipomuuliza kama hatalikumbuka trekta, alisema, "Nimechoka na injini. Nataka nisikie ndege."

Mama yetu, kwa kila asubuhi uliyotutangulia shambani kwa miguu, pokea shukrani za shamba zima. Mungu akupe afya, na siku nyingi za kimya kizuri. Ndege uwasikie kila alfajiri, wakiimba mbali kidogo na mpunga wako.